Madume wa Ballybetagh: kisa cha ayala mkubwa na pembe zilizobebeshwa lawama

Kusini mwa jiji la Dublin, pale ardhi inapoanza kupanda kuelekea milima ya Wicklow, kuna bonde dogo lenye kinamasi liitwalo Ballybetagh. Juu yake ni majani na maji yaliyotuama. Chini, katika tope lililokuwa sakafu ya ziwa zamani sana, yamefukuliwa mabaki ya ayala wakubwa wapatao mia moja, wa aina ambayo haiko tena duniani. Na karibu wote waliotolewa pale ni madume.

Swali la kisa hiki ni moja: walikufaje? Nimelichagua kwa sababu jibu lilikuwa limeshatolewa kabla watu hawajachimba kwa makini. Waliziona pembe, wakashangaa ukubwa wake, wakahukumu kwamba ndizo zilizommaliza mwenyewe. Hukumu hiyo ilirithishwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, na bado utaisikia leo ikisimuliwa kama jambo lisilo na mjadala. Mifupa ya Ballybetagh inasema kitu kingine, na naamini inastahili kusikilizwa hadi mwisho.

Kichwani pana nini

Tuanze na jina. Kiswahili hakina neno la asili la wanyama wa jamii hii, na sababu yake ni nyepesi: kusini mwa Sahara hawapo. Barani Afrika wa asili wamebaki Algeria na Tunisia tu. Wafasiri wa Biblia walipofika kwenye Zaburi ya 42, kwa yule mnyama mwenye shauku ya mito ya maji, waliazima neno la Kisemiti, ayala, nami nitawafuata. Wapo wanaomwita kulungu. Lakini kulungu wa misitu yetu ni ndugu wa tandala na pofu, na kinachomtenga na ayala ndicho kiini cha kisa chote hiki.

Pembe ya tandala, ya nyati au ya ng'ombe wa zizini ni mfupa uliovalishwa gamba gumu, gamba la asili moja na kucha. Huota mara moja, hurefuka polepole, na ikivunjika haiji nyingine. Hata Pelorovis, yule nyati wa kale aliyefukuliwa Olduvai mwenye mapembe ya kutisha, aliyajenga kidogo kidogo kwa miaka. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu. Huchipuka kichwani ikiwa imefunikwa ngozi laini yenye vinyweleo kama mahameli na iliyojaa mishipa ya damu. Ikishakomaa ngozi hukauka, dume huichubua kwenye miti, hushindana na wenzake msimu wa kupandana, kisha pembe zote mbili hudondoka. Mwaka unaofuata anaanza tena, kichwa kitupu.

Sasa mfikirie ayala mkubwa, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Megaloceros giganteus. Begani alikaribia kimo cha mita 2, na uzito wake ulifika kilo 600 hivi, yaani mzito kama pofu dume mkubwa lakini mrefu kumshinda. Pembe zake zilitanuka kama viganja viwili vilivyofunguliwa. Kutoka ncha hadi ncha, kwa madume waliojaliwa zaidi, ni mita 3.6, karibu urefu wa gari aina ya Vitz. Zilikuwa na uzito wa kilo 40 hivi, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Na zote hizo zilijengwa ndani ya miezi michache ya majira ya kuchipua na ya joto, zikabebwa, zikaangushwa, zikajengwa tena.

Ukilielewa jambo hilo moja, la kujenga kila mwaka, umepata ufunguo wa Ballybetagh. Aliyelikosa atabaki anastaajabia ukubwa tu.

Wazungu wengi humwita kwa jina linalomfanya mnyama wa Ireland, Irish elk, na jina hilo linapotosha. Aliishi kuanzia Ireland hadi karibu na Ziwa Baikal, na aina yake ilidumu takriban miaka 400,000. Ireland imejulikana kwa sababu vinamasi vyake vimetunza mabaki mengi na mazuri kuliko kwingine. Vinasaba vilivyochunguzwa na kutangazwa mwaka 2005 vimeonyesha kwamba ndugu zake wa karibu walio hai ni ayala wa jenasi Dama, wale wadogo wenye madoa wanaofugwa kwenye mabustani ya Ulaya. Ukiwatazama Dama utaona na wao pembe zao zimetanuka kama kiganja.

Lawama ilivyoanza

Wakulima wa Ireland waliyajua mapembe haya muda mrefu. Walikata mboji ya vinamasi ili kuikausha iwe kuni, na wakifika chini walikutana na vichwa. Matajiri walivitundika kwenye kumbi zao. Katika wilaya ya Tyrone jozi moja iliwahi kulazwa juu ya kijito ikatumiwa kama daraja.

Mwaka 1697 Thomas Molyneux, tabibu wa Dublin, alichapisha maelezo ya kwanza ya kitaalamu juu ya vichwa vilivyopatikana Dardistown katika wilaya ya Meath. Alifanya kazi nzuri ya kupima na kuchora. Lakini alikuwa na imani iliyomfunga mikono: kwamba hakuna aina ya kiumbe inayoweza kupotea kabisa duniani baada ya kuumbwa. Kwa hiyo mnyama huyu lazima angali hai mahali fulani. Molyneux akamtafuta kwa jicho la mbali, akamwona Amerika Kaskazini, akasema ni yule ayala mkubwa wa misitu ya huko, na kwamba wa Ireland walikufa kwa tauni.

Sioni sababu ya kumcheka. Mwaka ule neno kutoweka halikuwa na maana tunayoipa sisi. Ni Georges Cuvier, mtaalamu wa maumbile ya wanyama, huko Paris mwaka 1812, aliyelinganisha mifupa na kuonyesha kwamba mnyama huyu hafanani na yeyote aliye hai. Ayala huyu, pamoja na tembo mwenye manyoya, ndio waliowalazimisha wasomi wa Ulaya kukubali kwamba viumbe hufutika. Johann Friedrich Blumenbach alikuwa ameshaipa spishi jina mwaka 1799, na jina la jenasi lilitoka kwa Joshua Brookes mwishoni mwa miaka ya 1820.

Baada ya kukubali kwamba ametoweka, likaja swali la sababu, na hapo pembe zikakamatwa. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kulikuwa na wasomi walioamini kwamba mageuko yakishaanza kwenda upande mmoja hayawezi kusimama. Pembe zikianza kukua zitaendelea kukua hata kama zinamuumiza mwenyewe, mpaka shingo ishindwe, mpaka anaswe mitini, mpaka azame topeni. Ayala mkubwa akawa ndiye mfano wao mkuu. Wapinzani wao, waliomfuata Darwin, nao walikuwa na shida: kama uteuzi wa asili huhifadhi kinachofaa, zile kilo 40 zilifaa nini?

Julian Huxley, mwanabiolojia Mwingereza, alijaribu kuwatoa kwenye mtego huo katika miaka ya 1930. Alisema pembe za ayala hukua kwa kasi kuliko mwili, kwa hiyo ayala mkubwa lazima awe na pembe kubwa kupita uwiano, na hakuna muujiza. Ila ni Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku kutoka Marekani, aliyefanya jambo ambalo wengi waliobishana hawakulifanya. Alikwenda kupima. Alipita kwenye majumba ya makumbusho na makasri akashika futi na kamba, akapima mafuvu na pembe 79, na mwaka 1974 akatoa matokeo. Uwiano upo kweli: dume mwenye mwili mkubwa kidogo alikuwa na pembe kubwa zaidi sana. Kwa mwili ule, pembe zile zilikuwa za kawaida ya ukoo wake.

Gould aliongeza hoja ninayoiona ya thamani. Ayala wengine wakitaka kuonyesha pembe zao lazima wageuze kichwa. Huyu, kwa jinsi pembe zake zilivyotanuka, alihitaji kusimama na kumtazama mpinzani usoni tu, na upana wote ukaonekana. Baadaye Andrew Kitchener alichunguza muundo wa ndani wa mfupa wa pembe akaonyesha kwamba ulipangwa kuhimili nguvu za mapambano, na uchunguzi wa kompyuta uliotangazwa mwaka 2019 ukasema yawezekana kabisa walipigana, ila kwa namna maalumu, kwa kusokotana na kusukumana. Kwa vyovyote, zilikuwa mali yenye kazi.

Mpaka hapo tumejua pembe hazikuwa ugonjwa. Bado hatujajua mia moja wa Ballybetagh walikufaje.

Tope lenyewe

Ballybetagh ilianza kutoa mifupa katika karne ya 19, na miaka ya 1870 ilichimbwa kwa nguvu. Wakusanyaji wa enzi hiyo walitaka vichwa vya kuonyesha, na kichwa cha kuonyesha ni kile chenye mapembe. Jambo hili lisipite hivi hivi. Mahali popote ambapo mchimbaji anatafuta pembe, fuvu la jike lisilo na pembe litatupwa pembeni kama la farasi au ng'ombe, na hatimaye ghala la makumbusho litatuambia kwamba dunia ilikuwa na madume matupu wenye vichwa vikubwa. Hukumu juu ya pembe ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya sampuli ya namna hiyo.

Mwaka 1934 alikuja mtu wa aina nyingine. Knud Jessen alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Denmark, na alichokuwa akikitafuta ni chavua, ile poda ya maua ambayo hutua ziwani na kuhifadhiwa topeni kwa maelfu ya miaka. Akishirikiana na Farrington alizisoma tabaka za Ballybetagh moja baada ya nyingine, na kazi yao ikachapishwa mwaka 1938. Chini kabisa kuna udongo wa mfinyanzi wa wakati barafu ilipokuwa imeondoka karibuni. Juu yake tope lenye mabaki mengi ya mimea, la kipindi cha joto: nyasi tele, vichaka vya mierebi kandokando ya maji. Hapo ndipo ilipo mifupa ya ayala. Juu ya tope hilo udongo wa mfinyanzi unarudi, wenye changarawe iliyoporomoka kutoka mitelemkoni, ishara ya ardhi iliyoganda na kuachwa wazi bila mimea. Halafu mboji ya zama zetu.

Kwa maneno mengine, baridi ilirudi. Wanasayansi huiita Dryas ya Mwisho, kwa jina la ua dogo la nchi za baridi, na ilidumu kutoka takriban miaka 12,900 hadi 11,700 iliyopita. Ireland wanakiita kipindi hicho Nahanagan, kwa jina la ziwa moja la Wicklow. Tabaka za Ballybetagh zinasema waziwazi: ayala yuko, baridi inaingia, ayala hayuko.

Hata hivyo kujua wakati si kujua namna. Maelezo yaliyokuwa yamezoeleka ni kwamba walikuja kunywa maji, miguu ikadidimia, kichwa kizito kikawaangusha, wakazama. Anthony Barnosky, mtaalamu wa visukuku, aliyachukua maelezo hayo akayauliza maswali. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 1985 katika jarida la Science, ndiyo kitovu cha uchambuzi huu.

Mnyama aliyekwama topeni huacha ushahidi. Miguu yake hubaki imesimama ndani ya tope, mifupa ikiwa imeshikana, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu iliyonaswa na ambayo mbwamwitu na hali ya hewa hazikuifikia. Ballybetagh haikuwa hivyo. Mifupa ilitawanyika na kuchanganyika, kama ya wanyama waliofia ukingoni mwa maji, wakaoza, wakakanyagwa na waliokuja baadaye. Tena hawakufa siku moja. Ni mlundikano wa vifo vya misimu mingi.

Msimu gani? Tazama vichwa. Dume wa ayala huwa na pembe zilizokomaa tangu mwishoni mwa majira ya joto mpaka zidondoke. Mafuvu yenye pembe zilizoshikilia yanasema kifo kilikuja kati ya nyakati hizo, na ukiyaweka pamoja na tunayoyajua kwa ayala walio hai, picha inaangukia kwenye majira ya baridi. Na kwamba karibu wote ni madume si ajabu. Ayala wengi walio hai leo huachana kwa jinsia nje ya msimu wa kupandana, madume upande wao, majike na watoto upande wao. Bonde hili lilikuwa makazi ya madume wakati wa baridi.

Kisha likaja jambo ambalo, nilipolielewa, lilinifanya niache kabisa kuisimulia ile hadithi ya zamani. Barnosky aliwalinganisha madume wa Ballybetagh na madume wengine wa Ireland. Waliokufa pale walikuwa wadogo. Miili midogo, na pembe ndogo.

Kama pembe kubwa ndiyo iliyoua, kinamasi kingejaa wenye pembe kubwa. Tunakuta kinyume chake. Wenye pembe pana, waliokomaa na kushiba vizuri, ndio waliovuka baridi na kwenda kufa kwingine kwa uzee au kwa sababu nyingine. Waliobaki ukingoni mwa ziwa ni vijana na wale ambao majira ya joto hayakuwapa cha kutosha. Ufupi wa pembe zao ulikuwa dalili ya njaa, na njaa ndiyo iliyowaua.

Hesabu ya mwili

Mwili wa ayala ni kama ghala la mkulima. Majira ya kuchipua na ya joto ni mavuno, baridi ni kula akiba. Dume anapoota pembe huhitaji kalisi na fosforasi nyingi kuliko anazoweza kuzipata kwa siku katika majani, kwa hiyo hukopa kutoka mifupa yake mwenyewe, mbavu hasa. Hilo si dhana, huonekana kwa ayala wa leo: mifupa hupungua ujazo wakati pembe zikikua, kisha hujazwa tena. Deni lazima lilipwe kabla mimea haijakauka.

Halafu msimu wa kupandana unafika, na dume anasahau kula. Anafukuzana, ananguruma, anashindana, anapoteza sehemu kubwa ya mafuta yake, na anaingia kwenye baridi akiwa amekonda wakati jike amenenepa. Ndiyo maana baridi kali huwafagia madume kwanza. Kisiwa cha St. Matthew, katika Bahari ya Bering, kimetupa mfano wa kusikitisha. Mwaka 1944 walipelekwa huko ayala wa kaskazini 29. Kufikia 1963 walikuwa wapatao 6,000, wamekimaliza chakula cha kisiwa. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali, na mwaka 1966 walihesabiwa 42 tu walio hai: majike 41 na dume mmoja.

Rudi sasa Ballybetagh karibu miaka 13,000 iliyopita. Barafu ya Greenland inaonyesha kwamba Dryas ya Mwisho iliingia kwa ghafla, ndani ya miongo. Msimu wa majani ukafupika. Mierebi na nyasi nzuri zikapungua. Dume aliyezaliwa katika ukoo uliozoea majira marefu ya joto alikuwa na mwili unaodai kilo 40 za mfupa kwa wakati uleule, na ghala lilikuwa limepungua. Mwaka 1999 Moen, Pastor na Cohen waliandika modeli ya hesabu hiyo. Walionyesha kwamba mabadiliko ya mimea yangesukuma pembe zipungue, huku majike kwa kuwachagua wenye pembe kubwa wakisukuma zibaki. Pembe zingeweza kupungua, kwani ukoo hubadilika, lakini kwa kupewa muda wa vizazi. Muda huo Ireland haikuwapa.

Kwa hiyo sisemi pembe hazikuhusika. Zilikuwa gharama kubwa, na gharama humwumiza mtu mwaka wa njaa hata kama mwaka wa neema ilikuwa fahari yake. Ninachokataa ni kuziita kosa. Kwa miaka zaidi ya laki tatu gharama hiyo ililipwa kila mwaka bila tatizo.

Na upo ushahidi mwingine ambao mjadala wa pembe huuruka: majike. Jike hakuwa na pembe. Lakini alibeba mimba wakati wa baridi na kunyonyesha katika miezi ileile dume anayoitumia kuota pembe, na maziwa yanataka kalisi kama mfupa unavyotaka. Msimu wa majani ukifupika, ndama huzaliwa dhaifu au haponi. Kundi haliishi kwa madume. Dume wachache wanatosha kuendeleza ukoo, ila majike wakishindwa kulea hakuna kinachobaki. Ballybetagh inatuonyesha vifo vya madume kwa sababu ni bonde la madume, na jicho letu likabaki pale. Uzito wa kisa uko kwa wale wasio na pembe, ambao mafuvu yao hayakuwa na wa kuyataka.

Binadamu je? Kwa muda mrefu ilisemwa Ireland haikuwa na watu kabisa wakati ule. Mwaka 2016 Marion Dowd na Ruth Carden walitangaza mfupa wa goti la dubu kutoka pango la Alice na Gwendoline, wilaya ya Clare, wenye alama za kukatwa kwa kisu cha jiwe, wa miaka 12,500 hivi. Watu walifika, basi, angalau kwa kupita. Lakini mfupa mmoja wa dubu hauwezi kubeba lawama ya kumaliza ayala wa kisiwa kizima, na katika mifupa ya Ballybetagh hadithi inayojieleza yenyewe ni ya baridi na njaa.

Waliobaki Siberia

Kama uchambuzi ungeishia Ireland, mtu angesema baridi ndiyo iliyomaliza Megaloceros. Ingekuwa haraka ileile ya zamani, kwa mtuhumiwa mpya. Mwaka 2004 Anthony Stuart, Pavel Kosintsev, Thomas Higham na Adrian Lister walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya umri, kwa kaboni-14, vya ayala wakubwa kutoka sehemu nyingi za Ulaya na Asia. Wa mwisho waliowapata hawakuwa wa Ireland, wala hawakuwa wa Enzi ya Barafu. Walitoka Siberia ya magharibi, mmoja wao kutoka kinamasi cha Kamyshlov, na umri wao ni takriban miaka 7,700. Dryas ya Mwisho ilikuwa imepita miaka 4,000 nyuma yao. Walikuwa na pembe zao.

Vipimo hivyo vilionyesha pia kwamba wakati barafu ilipofika kilele, yapata miaka 20,000 iliyopita, ayala wakubwa walitoweka Ulaya magharibi, kisha hali ya hewa ilipolegea wakarudi. Yaani walikuwa na mbinu, na mbinu hiyo iliwahi kufaulu: kurudi nyuma kwenye nchi yenye malisho na kungoja. Bara kubwa humpa mnyama nafasi hiyo. Ireland ilikuwa imezungukwa na bahari. Wa Ballybetagh hawakuwa na pa kurudi, na wa milima ya Urali na Siberia walikuwa napo.

Mpaka na pale pakabana. Hali ya hewa ilipobadilika tena, misitu minene ikaenea juu ya nchi wazi aliyoipenda. Chavua iliyonasa kwenye magego yake, yaliyovuliwa kutoka chini ya Bahari ya Kaskazini, inaonyesha alikula majani na magugu ya nchi wazi, pakanga ikiwamo. Na watu wawindaji walikuwa wamezidi kuenea. Lister na Stuart wanaona sababu zote mbili zikifanya kazi pamoja, na nakubaliana nao: eneo lililopunguzwa na msitu, kisha kundi dogo lililobaki likakutana na mkuki. Mnyama anayezaa ndama mmoja mmoja hawezi kufidia hasara ya namna hiyo kwa muda mrefu.

Wawindaji wa kale wa Ulaya ndio waliotuachia sura yake hai. Katika pango la Cougnac, Ufaransa, ayala mkubwa amechorwa akiwa na nundu begani na mistari ya rangi ya giza ikishuka kutoka kwenye nundu. Mfupa haukuweza kutuambia rangi hiyo. Mtu aliyemwona kwa macho ameisema.

Dublin kuna jumba la makumbusho ya viumbe, Mtaa wa Merrion, lililofunguliwa mwaka 1857. Mhadhara wa ufunguzi ulitolewa na David Livingstone, yuleyule ambaye jina lake limeachwa Ujiji na Ilala ya Zambia, akiwaeleza watu wa Dublin habari za Afrika. Kabla halijafungwa kwa ukarabati mwaka 2024, ukiingia, wa kwanza kukupokea walikuwa ayala wakubwa, mifupa mitupu iliyosimamishwa kwa miguu minne. Wawili walikuwa madume, na wageni walisimama chini ya mapembe yao wakipigwa picha. Wa tatu alisimama karibu nao, shingo wazi, kichwa bila pembe. Alikuwa jike.